Usimuulize tena kwa nini hakupiga mayowe

*"Shikamoo Bi. Siku tisa zilizopita mke wangu alibakwa na mtoto wa mwenye nyumba wetu hapa Likoni. Aliniambia siku ya tano. Sijamlaumu, ila nimemuuliza mara kadhaa kwa nini hakupiga mayowe ilhali majirani wako ukuta kwa ukuta. Tangu hapo hasemi nami, halali, na nikimgusa anaruka. Mwenye nyumba ameshatuma wazee, wanataka maslaha, yaani tuyamalize nje ya korti. Mama yangu naye anasema polisi wataleta aibu. Nifanyeje? – Mume, Likoni"*

Marahaba, mwanangu.

Unasema hukumlaumu. Yeye kasikia lawama, na kila ukirudia swali anaisikia upya. Basi uelewe kwanza kilichompata. Mtu akivamiwa hapati nafasi ya kupanga la kufanya. Wapo wanaopigana, wapo wanaokimbia, na wengi huganda: viungo vinakakamaa au vinalegea, sauti haitoki, anaona na kusikia kila kitu lakini mkono hauinuki. Mwili huamua hayo wenyewe kabla akili haijafika. Kumbukumbu nayo huathirika. Huenda akakueleza vizuri harufu ya sabuni aliyokuwa nayo yule mtu, asijue kilitangulia nini na kikafuata nini, na asiyejua haya akadhani anatunga.

Leo mwambie hivi, kisha unyamaze: "Nakuamini. Si kosa lako. Nilikosea kukuuliza vile." Usikae ukingoja jibu.

Jambo la pili ni hospitali. Kwa wengine wanaosoma hapa: dawa za PEP za kuzuia virusi vya UKIMWI huanzwa ndani ya saa 72 na humezwa siku 28 bila kuruka, na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufaa ndani ya saa 120, vikiwahi zaidi ndivyo bora. Mkeo hayo yamempita, lakini bado ana sababu nyingi za kwenda. Chanjo ya homa ya ini aina ya B inaweza kuanzwa hadi siku 14 baada ya tukio, kwa hiyo msichelewe, nendeni wiki hii. Atatibiwa magonjwa ya zinaa. Atapimwa virusi vya UKIMWI sasa, kisha wiki ya 6 na mwezi wa 3, na hadi majibu hayo ya mwisho mtumie kondomu. Kipimo cha mimba kitaaminika wiki tatu baada ya tukio. Ikiwa imeingia, azungumze na daktari mapema: mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba mimba ya ubakaji inaweza kutolewa endapo mhudumu wa afya aliyehitimu ataona inahatarisha maisha au afya ya mama.

Mkivuka feri, hospitali ya Coast General, Mombasa, wana kituo cha manusura wa ukatili wa kijinsia. Hamhitaji kupita polisi kwanza ndipo atibiwe. Ombeni ajaziwe fomu ya PRC, yaani ya huduma baada ya ubakaji, namba MOH 363, na mhakikishe anapewa nakala yake. Nguo za siku ile, kama hazijafuliwa, kila moja ifungwe peke yake kwenye karatasi kavu, hata gazeti. Nailoni hapana, inashika unyevu, nguo zinaota ukungu na ushahidi unaharibika. Zilizofuliwa pia zichukueni, wataalamu wataamua.

Kuhusu polisi, mwenye kauli ni yeye. Si wewe, si mama, wala si wazee. Alinyang'anywa uamuzi juu ya mwili wake mara moja. Msimnyang'anye tena, hata kwa nia njema. Ila aamue akijua haya. Kosa hili haliozi kwa muda kupita, ingawa kila wiki ikienda kesi inazidi kuwa ngumu. Fomu ya P3, ya polisi ambayo daktari hujaza kuhusu majeraha, hutolewa bure kituoni. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inampa mbakaji kifungo kisichopungua miaka 10. Na kufuatia uamuzi wa Mahakama ya Rufaa, mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mwathiriwa peke yake ikiridhika kwamba anasema kweli. Kutopiga mayowe hakumfungii mlango wa korti.

Hao wazee wa maslaha hawana uwezo wa kufuta kosa la jinai. Kesi ikishafunguliwa, kuiondoa ni uamuzi wa upande wa mashtaka wa serikali. Mwenye nyumba anaharakisha kwa sababu anamwokoa mwanawe, na hilo halihitaji ramli. Usipokee pesa, usitie sahihi karatasi yoyote, na usiende kumpiga kijana: utafungwa wewe, na mkeo abaki peke yake.

Kisha hameni. Hili nalisisitiza kuliko yote niliyokwisha kusema, maana hawezi kupata usingizi huku anasikia ndara za mtu yule uani. Muulize angependa kwenda wapi, kwa dada yake au kwingine. Kodi mliyolipa ikipotea, ipotee.

Usiku akishtuka, usimkumbatie wala kumshika. Washa taa, kaa mbali kidogo, mwite jina taratibu: "Ni mimi. Uko nyumbani. Leo ni Jumanne, mlango umefungwa." Mwambie akanyage sakafu, ataje vitu vitano anavyoviona chumbani. Mchana, kabla ya kumgusa hata bega, uliza. Kuna siku atataka kukaa karibu nawe na kesho yake asitake. Tendo la ndoa lisubiri aanze yeye, na akisema basi katikati, ni basi.

Jinamizi na kushtukashtuka katika mwezi wa kwanza ni kawaida. Yakizidi mwezi, au yakiongezeka, anahitaji mshauri nasaha mwenye ujuzi wa kiwewe, kwa vikao kadhaa vinavyofuatana. Asilazimishwe kusimulia yote, hata na mshauri. Akitaja kutaka kufa, usingoje mwezi: ondoa dawa za panya na vidonge nyumbani, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Nambari ya simu 1195, ya msaada kwa manusura wa ukatili wa kijinsia, ni bure, mchana na usiku, nawe pia unaweza kupiga, maana huwezi kumwegemea yeye kwa uchungu wako.

Mama yako mjibu hivi: "Habari hii ni ya mke wangu. Akitaka, atakueleza mwenyewe." Usimwongezee hata neno.