Jibu: Kwa nini wapiga chelo wazuri hukwama raundi ya kwanza?

Ndugu, umeuliza kwa nini wapiga chelo wenye vidole vyepesi huishia raundi ya kwanza ya usaili wa okestra za Marekani. Mara nyingi kinachowaangusha ni ridhimu. Raundi hiyo kwa kawaida hupigwa nyuma ya pazia, kwa dakika chache tu, na jopo husikia sauti peke yake.

Chukua kipande kimoja cha usaili: sehemu ya pili ya Simfoni ya 5 ya Beethoven, inayofunguliwa na viola na chelo. Noti fupi inayofuata noti yenye nukta (nukta huirefusha noti kwa nusu yake) hulegea, ikasikika kama mapigo ya tatu-tatu. Gawanya kila pigo mara 4: noti ya nukta ichukue 3, fupi 1. Anza metronomu (kifaa cha kupigia kasi) kwenye mapigo 60 kwa dakika, upande polepole hadi 92, kasi aliyoiandika Beethoven mwenyewe.

Sehemu ya pili ya Simfoni ya 2 ya Brahms ni ngumu kwa sababu nyingine. Iko kwenye skeli (ngazi ya noti) ya B meja, na hakuna uzi mtupu wa chelo, yaani usiobonyezwa kwa kidole (C, G, D, A), ulio ndani ya skeli hiyo, kwa hiyo sikio halina pa kuegemea. Fanyia mazoezi juu ya sauti ya B inayoshikiliwa mfululizo, na ujirekodi.

Beba pia mkanda wa kuzuia mguu wa chelo usiteleze. Sakafu ya jukwaa huwa laini sana.

Ukipata kazi, tegemea kipindi cha majaribio, mara nyingi mwaka 1 au 2. Hapo wanaangalia kama upinde wako unamfuata kiongozi wa chelo.