Barua kwa mwanangu anayetaka kusomea wanyamapori

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama uende sasa kusoma shahada ya uzamili ya uhifadhi wa wanyamapori na bayoanuai au utafute kazi kwanza, na kama kupenda wanyama kunatosha kukufikisha mwisho. Nitaanza na hilo la pili, kwa sababu ndilo linaloamua la kwanza.

Hakutoshi. Mwanafunzi wa uzamili hushinda zaidi mbele ya kompyuta kuliko porini. Anasafisha data, anahangaika na programu ya takwimu iliyogoma, anasoma makala za watu wanaobishana namna ya kumhesabu chui ambaye hakuna aliyemwona. Usicheke, ubishi huo una maana. Kutomwona mnyama si ushahidi kwamba hayupo, kwa hiyo sehemu kubwa ya fani hii ni kukadiria ni mara ngapi umemkosa. Kamera zinazojifyatua zikimnasa chui, hutambuliwa kwa madoa yake, na kwa kuangalia anavyorudi tena na tena watafiti hukisia idadi ya wale ambao hawakupigwa picha kabisa. Kama hesabu unazikimbia, jiulize mapema.

Sasa fikiria tumbusi wa Asia Kusini. Miaka ya 1990 walianza kufa kwa wingi India, Pakistan na Nepal, na spishi tatu zikapungua kwa zaidi ya 95%. Wengi walishuku ugonjwa wa kuambukiza. Mwaka 2004 watafiti waliokuwa wakipasua ndege waliokufa Pakistan wakaonyesha kwamba mwuaji ni diklofenaki, dawa ya maumivu iliyokuwa ikitumika kutibu mifugo. Ng'ombe akifa muda mfupi baada ya kutibiwa, tumbusi wanaomla huharibika figo, na asidi ya yuriki, taka ambayo figo zilipaswa kuitoa, huganda kama chokaa juu ya viungo vya ndani. Wakaja watu wa hesabu na jambo lililonishangaza kuliko yote: ilitosha mizoga yenye dawa iwe chini ya 1% ya mizoga yote ili vifo vifikie kiwango kile. Mzoga mmoja huliwa na ndege wengi, na tumbusi hao hutaga yai moja tu kwa mwaka. Mwaka 2006 nchi hizo tatu zikaanza kuipiga marufuku diklofenaki kwa mifugo, baada ya meloksikamu, dawa nyingine ya maumivu, kujaribiwa na kuonekana haiwadhuru tumbusi.

Angalia ni nani waliohitajika hapo. Daktari wa mifugo, mkemia, mtu wa takwimu, watunga sheria, na mfugaji aliyepaswa kukubali dawa nyingine. Mpenda ndege ambaye hana ujuzi mwingine angebaki anahesabu mizoga.

Ndiyo maana naona utafute kazi kwanza, mwaka mmoja au miwili, popote uhifadhi unapofanyika: hifadhini, maabara, hata ofisi inayoandika tathmini za athari kwa mazingira (kazi inayochosha, lakini inafundisha). Huko ndiko utakapokutana na swali linalokukosesha usingizi. Anayeingia uzamili bila swali hupewa la msimamizi wake, akalibeba kama mzigo wa mtu mwingine. Ila kama swali unalo tayari, na umempata msimamizi anayelijua, usinisikilize, nenda.

Huyo msimamizi mchunguze kabla hajakuchunguza wewe. Waandikie waliosoma chini yake, uwaulize anachukua muda gani kurudisha sura ya tasnifu na jina la nani hutangulia kwenye makala. Jina kubwa la chuo halitakusaidia kama yeye hapatikani.

Uliza pia habari ya vibali. Kuna kibali cha utafiti, cha kuingia eneo, cha kukusanya sampuli, na ukivusha mpaka sampuli ya spishi iliyoorodheshwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya spishi zilizo hatarini, kuna kingine. Shahada ya mwaka mmoja inaweza kuliwa yote na kusubiri muhuri.

Na usikwepe somo la mbinu za kuhoji watu. Mwaka 2022 mataifa yalikubaliana, katika mfumo wa kimataifa wa bayoanuai uitwao Kunming-Montreal, kwamba ifikapo 2030 angalau 30% ya nchi kavu, maji ya ndani na bahari iwe inahifadhiwa. Sehemu kubwa ya maeneo hayo ina wenyewe: watu wanaolima, wanaochunga, wanaovua. Mhifadhi asiyejua kukaa nao na kuwasikiliza atachora ramani nzuri sana ambayo hakuna atakayeifuata.

Kabla ya kujaza fomu yoyote, niandikie swali lako kwa sentensi moja. Mama yako anakusalimu. Yeye anasema uende sasa hivi, na sababu zake atakuandikia mwenyewe.

Baba yako