Randa hii ni ya nani?

SWALI: Marehemu babu aliniachia randa ya chuma. Kibanio cha juu kimeandikwa RECORD, lakini kwenye mwili, chini ya kutu, nasoma BAILEY na No 5. Kisu hakisomeki. Mteja mmoja ananiambia ni feki maana majina hayalingani. Ni kweli? Tena skrubu ndefu ya mpini imepotea. Naweza kutia bolti ya M6?
Seremala, Tanga

JIBU: Si feki, ndugu. Hiyo ni randa ya Stanley iliyovishwa kibanio cha Record. Randa huulizwa mwili wake kwanza, kwa sababu mwili ndio usiobadilishwa. Kisu huisha kwa kunolewa, mpini hupasuka, kibanio hupotea, na fundi huchukua cha randa nyingine kazi ikaendelea.

Bailey si kiwanda. Leonard Bailey alikuwa fundi wa Boston, Marekani, aliyebuni namna ya kushusha na kupandisha kisu kwa nati. Mwaka 1869 kampuni ya Stanley ya New Britain, Connecticut, ilinunua hataza zake, yaani haki za ubunifu wake, na jina lake likabaki kwenye randa. Record ni jina la randa za C. & J. Hampton wa Sheffield, Uingereza, walioanza kuzitengeneza mwaka 1931 kwa umbo lilelile. Ndiyo maana kibanio kimekaa bila ugomvi. Wao waliweka sifuri mbele ya namba: yako ingekuwa 05.

Sasa tafuta ilikotengenezwa. Fungua kila kitu, paka mwili mafuta ya taa, uache usiku kucha, kisha sugua kwa mswaki mkuukuu na kijiti cha mti. Tafadhali usiguse herufi kwa grenda wala msasa. Herufi hizo zimeinuka kidogo tu, zikilika hazirudi. Kausha, pitisha chaki juu yake, halafu mulika tochi kutoka ubavuni. Ukiona MADE IN ENGLAND, ni ya Stanley ya Sheffield, si ya kabla ya katikati ya miaka ya 1930. Ukiona tarehe tatu za hataza, MAR-25-02, AUG-19-02 na APR-19-10, ni ya Marekani, si ya kabla ya 1910. Tarehe mbili za 1902 peke yake ni kongwe zaidi. Rangi isikupe jibu: randa hupakwa upya.

Wakati mwili uko wazi, kagua pembe za mdomo ambamo kisu hutokea, na mbavu zake. Ufa hujificha hapo, na chuma cha kalibu kikichomelewa kwa fimbo za kawaida hupasuka tena pembeni ya weldi.

M6, hapana. Skrubu za Stanley zina kipenyo cha kama milimita 5.5 na nyuzi 20 kwa inchi. M6, yaani ya milimita 6, ni nene zaidi na nyuzi zake zimebanana. Ukiilazimisha itakula nyuzi za mwilini, na hizo ndizo ngumu kurekebisha. Mpini wa No 5 hushikwa na skrubu mbili, hiyo ndefu na fupi ya mbele. Kwa kipimo, fungua chuma cha kishikio cha mbele: nyuzi zake ni hizohizo. Mpelekee fundi wa kukereza akunakilie, urefu tu aupime kwenye mpini wako.