Zulassung sio mwisho: kwa wadogo zangu mnaotafuta bachela ya inginia Ujerumani

Wadogo zangu nawapenda ila mnanichosha. Kila ikifika Agosti simu yangu inajaa skrinshoti za zulassung (barua ya kukubaliwa chuoni) na emoji za moto, nikiuliza "umeshajiandikisha?" najibiwa "si ndo hiyo kaka?" Sio hiyo. Naandika hapa mara moja, atakayeniuliza tena namtumia hii. Naongea na wa bachela, mitambo, umeme, ujenzi, wale wa masta mna njia yenu.

1. Anabin (tovuti ya Wajerumani ya kupima vyeti vya nje) kwanza, wakala baadaye, au wakala usimtafute kabisa. Ingia uangalie cheti chako cha fomu six au KCSE kinakupeleka chuoni moja kwa moja au kinakupitisha Studienkolleg, yaani masomo ya maandalizi kabla ya chuo, na usiangalie cha rafiki yako, masomo na alama zinabadilisha kila kitu. Ukiangukia Studienkolleg usilie, kwa kawaida ni mwaka mmoja, wewe wa inginia unaomba T-Kurs (M-Kurs ni ya kina daktari, na kila mwaka kuna mtu anakosea hapo), unafanya mtihani wa kuingia wa Kijerumani na hesabu, mwisho unakutana na Feststellungsprüfung, mtihani wa kumalizia. Nyingi za serikali hazina ada, unalipa mchango wa muhula tu. Za binafsi ni maelfu ya yuro, na kuna jamaa yangu alilipa kwa sababu tovuti yao ilikuwa ya Kiingereza na ina picha nzuri.

2. Lugha. Bachela za inginia kwa Kiingereza zipo, chache. Zilizobaki wanataka mtihani wa Kijerumani cha chuo: DSH-2, au TestDaF yenye 4 kwenye vipengele vyote vinne, au telc C1 Hochschule. Ukiwa na B1 yako, ngazi ya kati tu, bado uko mlangoni.

3. uni-assist, ofisi inayokagua maombi ya wageni kwa niaba ya vyuo vingi. Yuro 75 chuo cha kwanza, 30 kwa kila kinachofuata muhula huo huo, na hawafungui faili lako mpaka hela ifike. Vyuo vingi mwisho wa kuomba muhula wa baridi ni 15 Julai, nyie mnatuma tarehe 14 usiku, halafu karatasi moja ikikosekana mnasema wabaguzi. Tuma Mei. Na wale mnaoambiwa mchukue VPD, kama wanaoomba TUM (chuo kikuu cha ufundi cha Munich), ile ni karatasi ya kusema tu cheti chako kina thamani gani, unaichukua wewe mwenyewe unaenda kuombea chuo. Kuna dada mmoja alikaa na VPD yake kwenye fremu akisubiri chuo kimwite. Alafu acheni kuniuliza "kaka kwa hizi alama nitapata?", kozi nyingi za mitambo hazina NC, yaani kuchujwa kwa alama, ukitimiza masharti unaingia, kasheshe iko kwenye kutoka.

4. Semesterbeitrag, ule mchango wa muhula. Hapa kaeni vizuri.

Mimi nilikuwa na mwaka mmoja wa inginia pale Mlimani, ndo uliofanya nikubaliwe moja kwa moja, na zulassung ilipoingia tu nikaacha chuo. Nyumbani ikawa sikukuu, baba mdogo akaitisha kikao, watu wakachanga, mama akatangaza kanisani, zikaprintiwa fulana zenye sura yangu na bendera ya Ujerumani ila fundi aliisimamisha wima ikakaribia kuwa ya Ubelgiji na hakuna aliyejua. Visa yenyewe nilikuwa bado nasubiri miadi! Barua ilisema wazi: kubali nafasi kwenye potali ya chuo, lipa semesterbeitrag, tuma karatasi, vyote kabla ya tarehe fulani. Nikakubali nafasi, nikatuma karatasi, nikaenda benki Posta kulipa yuro mia tatu na ushee. Dada wa kaunta akaniuliza makato yawe OUR, mtumaji abebe yote, au SHA. Nikamuuliza ipi nafuu, akasema SHA, kila upande unabeba ya kwake. Nikaona haki kabisa.

Sasa SHA maana yake benki za njiani na ya kule zinaweza kumega makato yao kwenye hela yenyewe iliyotumwa, kwa hiyo chuoni ilifika pungufu, kama yuro ishirini hivi. Kwa akili zetu, mtu anayedaiwa mia tatu akileta mia mbili themanini unampigia unamwambia bwana bado ishirini. Chuo hakipigi simu. Kwenye potali pakawa na alama ya njano na maneno "Beitrag unvollständig", yaani mchango haujakamilika, na mimi na C1 yangu mfukoni nikayasoma, nikayaelewa kabisa, nikajiambia aah hela za nje huchelewa, wanashughulikia. Nilikuwa bize na send-off.

Tarehe ikapita. Nikaja kuandika imeili nikiuliza wiki ya utambulisho inaanza lini, nikajibiwa kwa adabu, mistari mitatu, kwamba zulassung yangu imekwisha nguvu na nakaribishwa kuomba tena muhula wa baridi ujao. Kozi inaanza Oktoba tu, Aprili hamna. Mlimani nimeshaacha. Na watu wameshaniaga jamani! Kwenda dukani ikawa mtihani, "we si uko Ulaya?" Nikapelekwa Njombe kwa shangazi nikavune viazi, huku Dar mama anaulizwa kanisani mtoto anaendeleaje na baridi, anajibu anaizoea. Hakudanganya, Njombe kuna baridi. Baba mdogo mpaka leo nikimwomba kitu ananiuliza kwanza "hiyo ni OUR au SHA?"

Kwa hiyo: OUR, namba yako ya maombi kwenye verwendungszweck (sehemu ya kuandika malipo ni ya nini), karatasi ya SWIFT, ile ya benki inayoonyesha umetuma, usiitupe, baada ya siku chache angalia potali, na njano ihesabu nyekundu, siku hiyo hiyo andika imeili.

5. Hela na bima. Sperrkonto, akaunti iliyofungwa ya kuonyesha una hela ya kujikimu, ni yuro 11,904 kwa mwaka, yaani 992 kwa mwezi, na hiyo ndo utakayoishi nayo, sio ya kuonyesha ubalozini halafu baba aichukue arudishe kwa aliyemkopesha. Jimbo la Baden-Württemberg, wasio wa Umoja wa Ulaya wanalipa 1,500 kila muhula tangu 2017, na TUM nao wameanza kutoza, someni kabla hamjajipa moyo na "Ujerumani elimu bure". Bima chukua ya serikali. Ukidanganyika na ya binafsi ya bei chee ukasaini kujitoa kwenye ya serikali, umejitoa mpaka umalize masomo, na ile ya safari ya ubalozini haikuandikishi chuo.

6. Bweni la Studierendenwerk, shirika la huduma za wanafunzi, omba leo. Leo.

7. Vorpraktikum, mafunzo ya vitendo ya mwanzo, watu wa mitambo. Vyuo kadhaa vinataka wiki kadhaa za karakana, vingine kabla hujaanza, na nyie mnaambiana "utaifanya mbele ya safari". Mbele ya safari kuna Mathe 1 na Technische Mechanik, yaani hesabu na mekanika. Mimi yangu nilipewa kipande cha chuma chenye umbo la U na tupa, nikaambiwa nikinyooshe mpaka nikiweka skweya mwanga usipite. Mwanga ulipita. Mzee mmoja wa pale alikuwa anakichukua, anakielekeza dirishani, anafumba jicho moja, ananirudishia bila neno, naanza upya, mikono imetoka malengelenge na nilikuwa najiona mhandisi. Inawezekana ukafanyia nyumbani, ila sio kila karakana inakubalika na ripoti zina utaratibu wake wa saini na muhuri, kwa hiyo waandikie Praktikantenamt, ofisi ya mafunzo ya vitendo ya chuo chako, wakujibu kwa maandishi kabla hujaenda Gerezani pale Dar kumsumbua fundi wa watu.