Unaenda Bangkok? Flagyl Iache Nyumbani

SWALI: Daktari, shikamoo. Mwezi ujao naenda Bangkok kufuata nguo Pratunam, na nimepania kuonja vya barabarani: panzi wa kukaanga, som tam (saladi ya papai bichi) ya kaa, hata koi pla. Wenzangu wa biashara wakiwa kule humeza Flagyl kila asubuhi, na wanasema ndimu na pilipili humaliza vijidudu vinavyobaki. Nifanye hivyo?

JIBU: Marahaba. Hapana, usifanye.

Panzi wala hawanitii hofu. Mtu wa Bukoba aliyekula senene tangu utotoni ananielewa. Nunua kwa anayekaanga ukiona, kwenye mafuta yasiyokuwa meusi, na uvute miguu ya nyuma kabla ya kutafuna kwa sababu ina miba. Ukiwa na aleji ya kamba au kaa, waache kabisa. Wadudu waliokaa wamekufa bila barafu kabla ya kukaangwa hujenga histamini, kemikali inayoleta dalili kama za aleji, na moto hauiondoi: uso huwaka, kichwa huuma, tumbo husokota. Ulimi ukikuwasha isivyo kawaida, tema.

Koi pla ni jambo jingine kabisa. Ni samaki mbichi wa maji baridi, amekatwakatwa na kuchanganywa na ndimu na pilipili. Ndimu hugeuza nyama ikawa nyeupe, mlaji akadhani imeiva. Haijaiva. Ndani yake mnaweza kuwa na viluwiluwi vya minyoo bapa ya ini, Opisthorchis viverrini, na ndimu ile haiviui. Minyoo hiyo hukaa kwenye mirija ya nyongo miaka mingi, na tangu 1994 imeorodheshwa kimataifa kuwa kisababishi cha saratani. Praziquantel, dawa ile ile ya kichocho, huiua, lakini haifuti madhara yaliyokwisha kutokea. Pombe kali juu yake haisaidii chochote. Kaa wa som tam naye mara nyingi hutiwa chumvi tu, hapikwi. Agiza som tam thai, yenye karanga na uduvi mkavu.

Sasa Flagyl. Inatibu amiba na jiadia. Kuhara kwa wasafiri kule huletwa zaidi na bakteria kama E. koli, kampilobakta na salmonela, na Flagyl si dawa ya hao. Anayekuuzia dozi ya “kujikinga” bila kukuuliza hata unaumwa nini anauza vidonge tu. Wengine hukimbilia antibiotiki ya sipro (ciprofloxacin), ilhali kampilobakta wengi wa Thailand wameshaizoea. Ndiyo maana madaktari huchagua azithromaisini, tena kwa mgonjwa anayeihitaji. Tabia hii tunayo hata huku kwetu: tumbo likinguruma kidogo, mtu anameza vidonge viwili, akipata nafuu anaacha. Bakteria waliobaki ndio wanaojifunza kuishi na dawa, na siku mtoto wa nyumba hiyo anaugua kweli, dawa ya bei nafuu haifanyi kazi.

Kwenye mkoba weka pakiti za ORS. Pakiti ya lita moja huchanganywa na maji safi lita moja kamili. Usiipunguzie maji iwe kali, itazidisha kuhara. Kunywa kidogo kidogo kila baada ya choo. Ukiona damu, ukipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, au ukishindwa kuzuia maji tumboni, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na usimeze vidonge vya kufunga tumbo.