Maswali ya Wasomaji: Likizo ya Krismasi Katika Jiji la Theluji

SWALI: Assalaam aleikum, Mhariri. Binti yangu anaishi katika jiji la Québec, nchini Kanada, pamoja na mumewe na watoto wao, nao wanataka niwatembelee kuanzia katikati ya Desemba hadi mwanzoni mwa Januari, kwa kuwa ndicho kipindi pekee ambacho wote hupata likizo. Nina umri wa miaka 61, goti langu la kulia linanisumbua, na baridi kali kuliko zote niliyowahi kuiona ni ya Limuru. Je, mtu wa pwani wa umri wangu ataiweza theluji? Nivae nini, nami ni mtu wa buibui? Na kwa kuwa nitafika katika sikukuu isiyo yangu, nitaukuta mji umefungwa? — Mama wa Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam, mama yetu, na shikamoo. Safari hii unaiweza, nasi tunakuhimiza uende. Tunachokuomba ni kuielekeza hofu yako mahali panapostahili, kwa sababu baridi ya Québec hushindwa kwa mavazi, lakini barafu iliyotanda njiani haishindwi kwa koti lolote, na kwa mwenye goti bovu hiyo ndiyo hatari ya kwanza.

Theluji iliyoanguka karibuni ni laini na hukanyagika bila taabu kubwa. Shida huanza inapoyeyuka kidogo mchana kisha ikaganda tena usiku, ikaacha juu ya lami utando mwembamba ambao jicho lisilozoea halitauona. Mji mkongwe wa Québec umegawanyika sehemu mbili, moja juu ya jabali na nyingine chini kando ya mto Saint Lawrence, na njia zinazoziunganisha ni za mteremko mkali na ngazi. Ngazi hizo waachie wajukuu. Wewe panda lifti ya reli, ambayo imekuwa ikiwapandisha na kuwashusha watu mwambani hapo tangu mwaka 1879. Unapotembea, piga hatua fupi, kanyaga kwa wayo wote, na usiitie mikono mifukoni, maana ndiyo itakayokusaidia kujizuia ukiyumba. Mwombe binti yako akununulie mapema vile vifuniko vya mpira vyenye meno ya chuma ambavyo huvishwa juu ya soli za buti. Wazee wengi wa huko hawatoki bila hivyo.

Kuhusu baridi yenyewe, usiku wa Desemba joto linaweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, na upepo huizidisha: nyuzi 15 chini ya sifuri pamoja na upepo wa kilomita 30 kwa saa humwumiza mtu kama nyuzi 26 chini ya sifuri. Ikipita 28 kwa hesabu hiyo ya upepo, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa, na siku kama hiyo hakuna aibu kubaki ndani. Siku nyingine vaa tabaka tatu: nguo ya ndani ya kubana isiyo ya pamba, kwa kuwa pamba hunywa jasho na kukaa na unyevu mwilini, juu yake sweta la sufu, kisha jaketi zito lisilopitisha upepo. Jaketi na sweta utavipata kwa bei nzuri katika mitumba ya Gikomba utakapopita Nairobi, lakini buti usizinunue huku, kwa kuwa soli za buti za kwetu hazikutengenezwa kwa ajili ya barafu. Buibui livae bila wasiwasi, ila lifupishwe mpaka vifundoni na ndani yake uvae suruali nzito, kwa sababu pindo linaloburura juu ya theluji hulowa, hukakamaa na kumkwaza mvaaji. Ndani ya nyumba kuna joto la kutosha, tena kavu, hivyo midomo na visigino hupasuka; chukua mafuta ya nazi, na usishangae yakiganda chupani ukiyaweka karibu na dirisha.

Sasa kuhusu sikukuu. Tarehe 24 Desemba maduka mengi hufungwa saa kumi na moja jioni, tarehe 25 hayafunguliwi, na tarehe 26 hufunguliwa kuanzia saa saba mchana, kwa hiyo mahitaji ya jikoni yanunuliwe kabla. Ukialikwa kwa majirani, uliza kwa upole juu ya pai ya nyama inayoitwa tourtière, kwani mara nyingi huwa na nyama ya nguruwe. Jua huchwa kabla kidogo ya saa kumi jioni, hivyo adhuhuri, alasiri na magharibi hukaribiana sana. Tumia ratiba ya msikiti wa huko, ulioko eneo la Sainte-Foy, na suala la kupangusa juu ya soksi wakati wa kutawadha limalize na maalim wako kabla hujaondoka.

Siku mbingu ikiwa nyeupe na upepo umetulia, mwambie mkweo akupeleke kwenye feri ya kwenda Lévis, ng'ambo ya mto. Feri hiyo hufanya kazi majira yote ya baridi, ikipasua njia kati ya mabamba ya barafu yanayoelea, na kwa mtu aliyezoea mashua za Mokowe na Shela tunaamini hakuna jambo huko litakalomgusa zaidi. Kutoka katikati ya mto utauona mji mkongwe wote juu ya jabali. UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 1985, kama ilivyofanya kwa mji wako wa Lamu mwaka 2001.

Lililobaki halisubiri Desemba. Mkenya huhitaji viza ya Kanada, ambayo ada yake ni dola 100 za huko, pamoja na dola 85 za alama za vidole na picha, na majibu yanaweza kuchukua miezi. Binti akuandikie barua ya mwaliko, nawe uonyeshe nyaraka za nyumba au biashara inayokurudisha Lamu. Epuka tiketi inayopitia Marekani, kwani hata kubadilisha ndege tu huko kunadai viza yao. Mwisho, nunua bima ya afya ya msafiri, kwa maana mgeni hugharimia matibabu yake mwenyewe, na dawa zako zote, pamoja na cheti cha daktari, zikae kwenye mkoba wa mkononi.