Jibu: Delta Integrale ya awali au Evoluzione?

Ndugu, umeuliza kama Lancia Delta Integrale (gari la Kiitaliano) ya valvu 8 imeachwa mbali na matoleo ya Evoluzione yaliyoifuata, au zinatofautiana kwa sura tu. Sura ndiyo sehemu ndogo ya tofauti hizo. Gari la valvu 8, lenye injini ya lita 2 na tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), lina nguvu farasi 185, na mfumo wake wa kuzungusha magurudumu yote manne hupeleka asilimia 56 ya msukumo mbele. Toleo la valvu 16 la mwaka 1989 liligeuza mgawanyo huo kwa kupeleka asilimia 53 nyuma, na kwa maoni yangu hayo ndiyo mabadiliko makubwa kuliko yote, kwa sababu pua ya gari haing'ang'anii tena kwenda nje dereva anapokata kona kwa kasi.

Evoluzione ya mwaka 1991, yenye nguvu farasi 210, ilipanuliwa upana kati ya magurudumu, ikapewa madigadi yaliyovimba zaidi na bolti tano kwa kila gurudumu badala ya nne. Ile ya pili, ya mwaka 1993, iliongezewa rimu za inchi 16 na kifaa cha kusafisha moshi, na bado ikafikia 215.

Lancia ilitwaa ubingwa wa dunia wa watengenezaji katika mbio za magari mfululizo kuanzia 1987 hadi 1992, hivyo matoleo yote mawili yana heshima yake. Mimi ningechagua Evoluzione ya kwanza, ila ukikuta ya valvu 8 isiyo na kutu, usisite kuinunua.